Dini Mbili Ndani ya Boma Moja

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Mpenzi msomaji, wengi wetu huku nyanda za juu tukisikia neno Mwislamu, fikira zetu hukimbia hadi Mombasa, Lamu na Unguja, kwenye minazi na jua kali. Nani angefikiria Timboroa? Timboroa ni baridi, bwana! Kituo chetu cha reli kiko karibu futi 9,000 juu ya usawa wa bahari, na enzi za mkoloni Waingereza walijigamba kwamba katika himaya yao yote hapakuwa na reli iliyopanda juu kuliko ya hapa. Asubuhi ukungu hutanda hadi huoni ng'ombe uliyemshika kamba. Kwetu ni viazi, njegere, karoti na kondoo. Na makanisa! Ukirusha jiwe usiku, asubuhi utasikia limegonga bati la kanisa.

Basi ati Uislamu unatafuta nini mlimani?

Uko, na uko tangu zamani. Ukishuka kutoka kwetu kuelekea Eldama Ravine, utawakuta Wanubi, wajukuu na vitukuu vya askari wa Sudan walioletwa na Waingereza katika miaka ya 1890. Mwaka 1897 askari hao waliasi hapo hapo Ravine, kwa kuchoshwa na safari zisizokwisha na ujira mdogo. Uasi ulizimwa kwa damu, lakini jamii yao ikabaki na misikiti yao ikabaki. Halafu kuna barabara kuu. Malori yatokayo Mombasa kwenda Malaba yanapita mlangoni petu usiku na mchana, na wenye kuyaendesha ni watu wa kila dini. Kwa njia hiyo ya malori ndipo Uislamu ulipoingia ndani ya boma letu.

Hebu niwajulishe wa nyumbani. Nyanya yangu, mzaa baba, ni Mkorino. Kilemba chake cheupe hakitoki kichwani ila usingizini, na sina hakika hata huko. Baba mkubwa ni mzee wa kanisa, tena kanisa lenye katiba, kamati na mihuri. Baba mdogo alikuwa Mwislamu. Baba yangu mimi ni Mkristo wa Krismasi. Mtu akimuuliza dini yake hujibu, "Mimi nafuata mama," kisha huchukua jembe na kwenda shambani.

Shuleni tumekuwa tukibishana sana kuhusu dini hizi mbili. Ukipita nyuma ya bweni wakati wa mapumziko utasikia, "Ipi ni ya kweli?" "Ipi ina uvumilivu zaidi?" Mimi si sheikh wala si padre, na la ukweli nawaachia wenyewe. Lakini kwa kuishi katika boma lile nimeona kuwa ubishi wetu unaanzia mahali pabaya. Tunashindanisha aya na aya. Mimi naona afadhali tuulize kwanza: katika dini hii, nani mwenye neno la mwisho? Na huyo mwenye neno la mwisho humfanyia nini mtu asiye wa kwake anaposimama mbele yake?

Nianze na Ukristo kwa kuwa ndio niliozaliwa ndani yake. Watu husema "Wakristo wanaamini hivi", kana kwamba Wakristo wana mdomo mmoja. Kwetu mlimani Mkatoliki ana padre, padre ana askofu wake Eldoret, na askofu ana Baba Mtakatifu kule Roma. Ngazi inaonekana wazi. Katika kanisa la baba mkubwa, mchungaji hawezi hata kununua viti bila wazee kukaa kikao. Kwa nyanya, Roho humshukia yeyote, mwanamume kwa mwanamke, akatabiri, nao wengine wakasikiliza wakiwa wamevua viatu. Wakorino walilipia uhuru huo. Mwaka 1934 polisi wa mkoloni waliwapiga risasi viongozi wao 3 katika msitu wa Ndarugu, kwa kuwa serikali haikuelewa watu wasiopokea amri kutoka kwa mmishenari yeyote. Kisha kuna makanisa ya juzi na jana. Mtu anakosana na mchungaji wake Jumapili, Jumatatu ananunua mabati, Jumapili ijayo yeye ni askofu.

Uhuru huo una utamu wake na una sumu yake. Mwezi wa Aprili 2023 Kenya nzima ilishika kichwa kwa habari za msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa kuwa aliwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, naye alikana mashtaka. Haidhuru mahakama itasema nini juu yake, swali langu ni jingine: katika kanisa lile, nani angeweza kumwambia mhubiri, "Hapa umekosea, keti chini"?

Tena si kwamba kanisa lenye ngazi halina fujo. Mwaka 1913 wamisheni wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu kutafuta umoja, na mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja. Kumbe mwiko! Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana, aliwashtaki Waanglikana wenzake, maaskofu wa Mombasa na Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai kwamba wamefanya uzushi. Wote walikuwa Wakristo, wote wamekuja kuhubiri upendo, na mkate ukawatenga.

Sasa Uislamu. Mwalimu wangu katika haya alikuwa baba mdogo mwenyewe. Aliacha shule kidato cha pili akawa taniboi wa lori. Safari moja malaria ilimwangusha Changamwe, dereva akamwacha, na mama mmoja mzee aliyemkodisha chumba akamuuguza wiki 3. Alikuwa Mwislamu. Baba mdogo aliniambia, "Hakuniuliza dini mpaka nilipoweza kula mwenyewe." Miaka 2 baadaye alitamka shahada. Akaoa Mnubi wa Ravine, akawa mfanyabiashara wa viazi. Nyanya hakuwahi kulitumia jina lake jipya hata siku moja, naye hakuwahi kuacha kuitikia lile la zamani.

Siku moja nilimuuliza, "Baba mdogo, kwenu mkubwa wenu ni nani?" Alicheka. Akanieleza kwamba katika Uislamu wa Kisunni, ambao ndio wa Waislamu wengi wa Kenya, hakuna ukuhani. Imamu si mtu aliyewekewa mikono na askofu. Amesimama mbele kwa kuwa anajua Kurani vizuri na watu wamemridhia. Akikosea rakaa, hata mchuuzi wa karanga aliye safu ya nyuma ana haki ya kutamka "Subhanallah" ili ajisahihishe. Jambo hili lilinikaa moyoni. Nilijaribu kumfikiria mtu wa safu ya nyuma kanisani kwetu akimsahihisha mchungaji katikati ya mahubiri. Angetolewa pepo!

Lakini tusidanganyane. Kutokuwa na kuhani si kutokuwa na mamlaka. Kuna Kurani, kuna hadithi za Mtume, kuna madhehebu ya sheria, ambapo watu wa pwani yetu hufuata ya Imamu Shafii, na kuna maulamaa wenye kufasiri. Mtu hajitungii tu. Na kwa kuwa hakuna Roma, ubishi ukizuka hauna mwamuzi mmoja. Mfano ni mwezi wa Idi. Kadhi Mkuu hutangaza, lakini wapo wanaosema mwezi ukionekana Saudia umetosha. Ndiyo maana mwaka mwingine mji mmoja una watu wanaokula pilau na wengine wangali wamefunga. Baba mdogo alikuwa akisema, "Sisi hatuna papa, tuna redio."

Kuhusu kadhi, hapo serikali inaingia. Mahakama za kadhi zilikuwapo pwani kabla ya mkoloni, zikalindwa katika mkataba wa 1895 kati ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza, na tena katika makubaliano ya 1963 tulipokaribia uhuru. Mwaka 2010 zilipotiwa katika rasimu ya Katiba, viongozi wengi wa makanisa walisimama kidete kuzipinga. Nyumbani kwetu kura hiyo ya tarehe 4 Agosti 2010 nusura ivunje sufuria. Baba mkubwa alikuwa wa rangi nyekundu, La. Baba mdogo alikuwa kijani, Ndiyo. Mkubwa akasema ati nchi inauzwa kwa Waarabu. Mdogo akamsomea kifungu: kadhi ataamua mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, tena pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. "Kaka, wewe atakuita nani huko?" Katiba ikapita. Kifungu cha 8 kinasema nchi haina dini ya taifa, cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na cha 170 kinaweka makadhi. Baba mkubwa hajaitwa na kadhi hadi leo.

Kuhusu imani zenyewe, baadhi ya wenzangu hupenda kusema, "Aa, ni kitu kimoja tu, Mungu ni mmoja." Wanasema hivyo kwa wema, lakini si kweli kwamba ni kitu kimoja. Nimewahi kukaa jikoni usiku wa mvua nikiwasikiliza nyanya na baba mdogo wakibishana juu ya Yesu. Wote walikubali kwamba alizaliwa na bikira Mariamu. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina la mama huyo. Wote walikubali kuwa aliponya vipofu na wakoma, na kwamba atarudi. Hapo nyanya alifurahi, akaongeza chai. Kisha wakafika msalabani, na chai ikapoa. Baba mdogo alishikilia kwamba Isa hakusulubiwa wala si mwana wa Mungu. Nyanya akasema, "Bwana wangu usimshushe cheo." Naye akajibu, "Mama, unabii si cheo kidogo." Mimi niliona wazi usiku ule: ukimwondolea nyanya msalaba umemwondolea dini yote, na ukimwongezea baba mdogo Mungu Mwana umeivunja shahada yake tangu neno la kwanza. Hiyo ni tofauti ambayo haifutiki kwa tabasamu. Walilala kila mmoja na lake, na asubuhi baba mdogo alimkamulia ng'ombe.

Lakini sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna la kujivunia hapa. Je, mnajua kwamba vitabu hivi viwili katika lugha yetu vilipitia mikono ya majirani? Johann Ludwig Krapf alipofika Zanzibar mwaka 1844 kuleta Injili, Seyyid Said, sultani Mwislamu, alimpa barua ya kuwaagiza maliwali wake wa pwani wamtendee vyema. Mwaka huo huo, kule Mombasa, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa. Kadhi mzima! Kwa upande wa pili, tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili, iliyochapishwa 1923, ni ya kasisi Mwanglikana, Godfrey Dale, aliyefanya kazi Unguja. Sisemi Dale alifanya hivyo kwa mapenzi matupu, maana alijaza maelezo ya kutetea Ukristo, na Waislamu hawakumshukuru. Ikafuata ya Waahmadiya mwaka 1953, nayo Wasunni wakaikataa kabisa. Kisha mwaka 1969 ikatoka ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwa hiyo nyanya anapoomba na kusema imani, dhambi, toba, malaika na shetani, kila neno lilitoka Arabuni kupitia kinywa cha Mswahili Mwislamu. Nilipomwambia, alifikiri kidogo, akasema, "Basi walituazima vyombo. Chakula ni chetu."

Nimefika kwenye uvumilivu, na hapa naomba tusikilizane. Kurani, sura ya 2, aya ya 256, inakataza kulazimishana katika dini. Yesu naye, katika Luka mlango wa 10, alipotaka kuonyesha jirani mwema ni nani, alimchagua Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa. Aya zipo kwa wote. Na maovu yapo pia. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakawatenga wanafunzi kwa dini, wakaua watu 148. Wengine darasani mwetu wakitaja Garissa huishia hapo, ati hiyo ndiyo sura ya Uislamu. Mimi huwauliza: na Kiambaa je? Tarehe 1 Januari 2008, si mbali na Eldoret, watu waliokimbilia ndani ya kanisa walichomwa moto humo, wanawake na watoto. Waliochoma na waliochomwa wote walikuwa na majina ya ubatizo. Hapakuwa na Mwislamu wala suala la dini pale. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, tukikimbia gizani. Kama Ukristo peke yake ungetosha kumzuia mtu, kiberiti kile kisingewashwa.

Ila miezi hiyo hiyo Askofu Cornelius Korir wa Jimbo la Eldoret aliwafungulia maelfu ya wakimbizi uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, kisha akatumia miaka yake hadi alipofariki mwaka 2017 akikalisha wazee wa kabila hili na lile chini ya miti. Na tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab waliposimamisha basi la kwenda Mandera na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria Waislamu walikataa. Walikuwa wamekwisha kuwapa wanawake Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Huyu hakuwa imamu wala kadhi. Nani alimpa mamlaka ya kuisemea dini yake mbele ya bunduki?

Kwa sisi wa shule, kuna kesi ya Kiwanjani, Isiolo, juu ya wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule iliyofadhiliwa na kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufani iliwaruhusu mwaka 2016. Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo tarehe 24 Januari 2019, hasa kwa sababu ya jinsi ombi lilivyowasilishwa, ikaacha shule ijadiliane na wazazi. Kwa hiyo neno la mwisho likarudi pale pale kwenye bodi za shule. Nalitaja nikapita, maana nataka kufika nyumbani.

Mwaka juzi, alfajiri ya Alhamisi moja ya mvua, baba mdogo alifariki. Alikuwa amemwambia mkewe mambo mawili: azikwe Timboroa, karibu na baba yake, na azikwe Kiislamu. Hakuandika popote. Saa nne asubuhi gari lilifika bomani na mwili, pamoja na imamu wa kule kwao na wanaume kama 10. Walitaka kuzika siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi yao. Baba mkubwa naye alikwisha piga simu za kamati ya mazishi, harambee, jeneza na turubai. Kwetu mtu hazikwi kama kuku, watu husubiriwa hadi wa Nairobi wafike.

Basi ubishi ukaanza uani, mwili ukiwa ndani ya gari. Mchungaji wa baba mkubwa alikuja na kitabu. Alikuwa amembatiza baba mdogo akiwa mtoto, na alipokuwa akifungua ukurasa mikono ilimtetemeka. Sitaki mtu amwone kuwa mtu mbaya. Akasema, "Jina lake liko hapa. Halijafutwa." Imamu akajibu kwa upole, "Na mimi nina mashahidi wa shahada yake." Chifu akaitwa, akasema serikali haina dini, akaomba kiti. Mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mnataka yawe ya S.M. Otieno?" Nyote mmesoma habari za wakili huyo, aliyekufa Desemba 1986 akazikwa Mei 1987, baada ya mjane na ukoo kuvutana mahakamani. Watu wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

Baba mkubwa alikuwa na neno moja lililonichoma, na sikuona mtu akilijibu sawasawa. Alisema, "Mtu wetu alipokwenda kwao, tulimwacha aende. Mtu wao akija kwetu, wangemwacha?" Mama mdogo aliinamisha kichwa. Ni kweli kwamba kuutoka Uislamu ni jambo zito kuliko kutoka kanisa moja hadi jingine. Vitabu vya sheria vya maulamaa wa kale vilililaani vikali, na hata leo familia nyingi humtenga anayetoka. Mwislamu mwanamume anaruhusiwa kuoa Mkristo, lakini mwanamke wa Kiislamu haruhusiwi kuolewa na Mkristo. Mlango huo si mpana sawasawa pande zote mbili, na anayelinganisha dini hizi kwa haki lazima aseme hivyo. Lakini ilikuwa saa nane, na mwili ulikuwa ungali garini.

Ndipo nyanya akatoka jikoni. Hakuwa amesema lolote tangu asubuhi. Alimwendea mama mdogo akamuuliza, "Alipokuwa hajiwezi, aliombaje?"

"Aliswali kitandani, mama. Mwisho aliswali kwa macho tu."

Nyanya akawageukia wanaume. "Basi mzikeni alivyokuwa akiomba. Lakini ni hapa hapa, kando ya baba yake. Na mimi nitakuwapo."

Kijana mmoja aliyekuja na imamu akaanza kusema kuwa wanawake hawafuati maiti kaburini. Imamu akamshika bega. "Mama ana haki yake," akasema, akaenda kutawadha. Hakutoa hotuba.

Baba mkubwa alivua koti akaingia kaburini kuchimba. Waislamu walimwelekeza jinsi ya kuchonga mwanandani ubavuni, na udongo wetu laini ulikubali. Kibla walikitafuta kwa simu: kutoka Timboroa ni kaskazini, kidogo upande wa mashariki. Jeneza lililoagizwa halikutumika. Baba mdogo aliingia na sanda yake. Wao walisimama wamevaa kofia, sisi tukasimama tumevua kofia, na nyanya katikati na kilemba chake. Mvua ilitunyeshea sote. Kila mtu alitupa udongo mara tatu, hata baba mkubwa. Jua lilipozama kazi ilikuwa imekwisha.

Kwenye chakula tulikwama tena. Kondoo alichinjwa na Mwislamu ili wote wale. Baba mkubwa akauliza kwa nini sisi ndio tule chao kila siku. Imamu alisema Kurani inahalalisha chakula cha watu wa Kitabu, na kwa nafsi yake akala viazi na maharagwe kutoka chungu cha nyanya, akaramba vidole. Wale vijana hawakula. Walikunywa chai ya rangi wakaondoka.

Baadaye tulisikia kuwa imamu alilaumiwa kwa kumzika Mwislamu kando ya kaburi la asiye Mwislamu na kumwacha mwanamke asimame kaburini. Wengine waliacha kuswali nyuma yake kwa majuma kadhaa. Hakuwabembeleza.

Baba mkubwa naye aliitwa na wazee wa kanisa. Shtaka: kushiriki ibada ya dini nyingine, yaani kuchimba na kutupa udongo mara tatu. Akazuiwa Meza ya Bwana na kusimamishwa uzee hadi kesi yake iamuliwe. Mimi nilimsindikiza nikiwa nimembebea mwavuli, nikasikia kupitia dirishani. Waliuliza nani aliyempa ruhusa. Akajibu, "Mama." Wakauliza ni kwa mamlaka gani. Akasema, "Ndiye aliyemzaa." Mwandishi wa kikao akafungua katiba ya kanisa kutafuta kifungu kinachohusika. Mpaka ninapoandika haya hawajakipata.